Nakala Tatu

Duka langu ni mlango mmoja, Kurasini,
hatua arobaini kutoka geti la Uhamiaji:
mashine ya kutolea nakala, picha za pasipoti,
kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya.
Sijawahi kupanda ndege.
Lakini nyuso za waendao zimelala kwenye kioo hiki
kifudifudi, macho wazi,
taa ya kijani ikizipitia kama inazipima homa.

Jumanne iliyopita aliingia mgeni, shati limemganda mgongoni,
akaniomba nimchapie karatasi ya serikali yake
inayohusu mji huu.
Nikaisoma ikitoka, ingali moto.
Usitembee ufukweni usiku.
Usibebe mkoba upande wa barabara.
Teksi usiyoijua usipande.
Nikacheka. Nikataka kumwambia, bwana,
hapa Mama Siwema wa chapati ananikopesha tangu mwaka juzi.
Kisha nikakumbuka Keko, pikipiki, mkanda wa begi ukikatika,
na goti langu lenye alama hadi leo.
Nikanyamaza. Nikapokea mia mbili yangu.

Kwa hiyo karatasi ile haikusema uongo, Sikudhani.
Haikusema yote, basi.
Aliyeiandika amehesabu walioporwa;
waliokaribishwa chai hawaendi kuripoti popote.
Onyo lisome unavyolisoma wingu:
si kila wingu mvua, ila nguo unaanua.
Tazama tarehe, maana onyo nalo huchacha.
Tazama ni mkoa gani, usije ukaiogopa nchi nzima
kwa ugomvi wa mpaka wake mmoja.
Uliza nani anasema, na anamwambia nani,
kwa kuwa wewe huendi kama yule mgeni
mwenye bima, na tiketi ya kurudia mfukoni.
Wewe unakwenda Maskati kufua mashuka ya hoteli,
na wa kukuandikia onyo, naona, ni mimi.

Kaa hapo kitini, usiegemee.
Nakala tatu.
Moja uende nayo, ikae mbali na pasipoti yenyewe.
Moja kwa mama yako, kwenye kopo la biskuti
zinamolala kadi zenu za kliniki.
Moja kwangu.
Na mkataba, kila ukurasa,
hata ule wa maandishi ya sisimizi; huo hasa.
Wakala ana kibali? Umekiona, au umeambiwa?
Tajiri akikwambia, nipe pasipoti nikutunzie,
mjibu umeshazoea kubeba mizigo yako.
Namba ya ubalozi usiiache kwenye simu tu,
simu hunyang'anywa;
ishone kwa uzi kwenye pindo la gauni.
Ukifika, nenda ukajiandikishe, wakujue ungali na sauti,
wasije kukutambua kwa nakala yangu.

Jina lako alikupa bibi yako kwa furaha,
hakudhani angeona mjukuu.
Lakini ni neno hilohilo nimelisikia
kwa waliorudi wakakaa kiti hicho, wanatazama sakafu:
sikudhani, mzee. Sikudhani.

Na hili tusiliandike.
Mambo yakiharibika, na mtu amesimama karibu yako,
nipigie, useme mbaazi zimeungua.
Hilo tu. Nitafunga duka.

Amepiga jana, saa tano usiku.
"Mjomba, nimekumbuka mbaazi."
Nikasimama. Kiti kikaanguka.
"Zimeungua?"
Mtandao ukameza kitu.
Nikasikia mlango wa lifti, mtu anacheka kwa mbali,
pumzi zangu mwenyewe zikinirudia sikioni.
"Aa, mjomba. Nimezikumbuka tu.
Za nazi."

Leo nimefungua saa nne.
Foleni imefika mpaka kwa Mama Siwema,
na kila mmoja ana haraka.