Juu ya Tanuri

Usiniambie habari za hamira.
Kila mgeni anayefika Kutaisi, akisikia
kwamba tulianzia juu ya duka la mikate,
hutabasamu, huokota sitiari yake, huenda zake nayo.
Mimi ndiye niliyeshika daftari la hesabu.
Hatukuumuka.
Tulipanda kwa deni juu ya deni, kama matofali.

Mwaka wa kwanza Lamara aliuza piano ya mama yake.
Wapagazi wanne waliiteremsha ngazini
ikigonga kila kona, ikilia.
Kwa fedha hizo tukapiga chapa nakala mia tatu
za hadithi za Mirian, dereva wa ambulansi,
aliyeandika nyuma ya fomu za hospitali
kati ya simu moja na nyingine.
Februari ile mto Rioni ulifura, kuta za mji zikaota kuvu.
Karatasi zetu hazikuota kitu,
maana chini yetu Shukri aliwasha tanuri saa tisa usiku
na joto likatupandia bila ankara.

Tuliuza nakala arobaini na moja.
Naiandika kwa maneno
mtu asije akadhani nimesahau sifuri.

Ndipo Shukri, asiyesoma ila bei ya unga,
akaanza kutia kitabu
katika kila mfuko wa kumi.
Bibi mmoja alirudi amefura:
"Niliagiza mkate. Hiki nani kakiomba?"
Akakibwaga mezani, unga ukatimka, akatoka.
Siku ya sita akarudi, sauti ameipunguza:
"Yule farasi. Alivuka, au hakuvuka?"
Kumbe alikuwa amefika ukurasa wa hamsini na mbili.

Lamara alipanda ngazi mbilimbili.
"Tuna msomaji," akasema,
kama mtu asemaye, tuna mtoto.

Yaliyofuata yamo daftarini:
vitabu vinne, kisha tisa,
Ucha, mpanga herufi, akigombana na kila mkato,
mkopo wa benki, ghala karibu na reli,
wafanyakazi kumi na mmoja,
watatu kati yao siwajui hata wanywa chai ya namna gani.
Haba na haba hujaza kibaba, sikatai,
ila safu ya tundu la kibaba naijaza mimi.
Lamara, aliyekuwa akinusa kila mswada
kama mnunuzi wa tikiti maji sokoni,
sasa anasoma mihtasari.

Wakubwa wa Tbilisi walitualika chakula cha mchana.
Waliweka mkataba kando ya samaki.
Kwa kiasi walichoandika
ningelipa kila tofali na kubaki na chenji.
Lamara aliomba kalamu. Moyo wangu ukasimama.
Akasahihisha koma mbili katika kifungu cha tatu,
akaurudisha bila sahihi,
akamalizia samaki wake.
Mwezi uliofuata Ucha alihamia kwao.
Sikumlaumu; ana mabinti watatu.

Shukri alifariki vuli iliyopita.
Mwanawe anauza simu mle mlimokuwa na tanuri.
Chumba cha juu tumekiacha kiwe kumbukumbu,
na majalada ya zamani yamepinda kama masikio ya mbwa.
Tumenunua mashine ya kukausha hewa,
lari elfu mbili na mia nne,
ifanye alichokifanya yeye kwa kuoka tu.
Katika daftari la kwanza upo mstari:
Shukri, mikate kumi na tisa, haijalipwa.
Mkaguzi wa hesabu aliniomba niufute.
Nilijifanya sikusikia.

Na yule bibi wa farasi huja ghalani
kila majira ya kuchipua, kwa fimbo sasa,
kuuliza kama Mirian amekamilisha cha pili.
Mirian hajaandika neno kwa miaka minane.
Hatumwambii.
"Asiharakishwe," anasema, akifunga kitambaa chake.
Kisha mlangoni, bila kugeuka:
"Lakini mimi nina themanini na moja."