Daftari la Orfelina Guenteo

Walinituma Chiloé, kusini kabisa mwa Chile,
na redio mpya, mfuko wa bisibisi, na sentensi moja:
waambie ni mvua.
Kule mvua hujibu kila swali.
Viazi vikioza, mvua. Padri akichelewa, mvua.
Simu za kisiwani zikikatika, nani atabishana na mvua?

Orfelina, muuguzi wa zahanati ya vitanda viwili,
hakunipa kiti. Alinipa daftari la shule,
jalada lenye picha ya farasi,
ndani siku arobaini na moja kwa penseli:
saa mtandao ulipokufa, saa ulipofufuka,
na pembeni hali ya bahari.
"Soma hapo pembeni," akasema.

Shwari. Shwari. Ukungu, shwari. Shwari.
Siku ya dhoruba iliyong'oa bati la kanisa: haukukatika.
Usiku wa upepo, mke wa Chiguay akijifungua
mtoto aliyetanguliza matako,
Orfelina alizungumza na daktari wa ng'ambo dakika tisini
bila neno kudondoka.

Nilicheka kidogo, kwa adabu.
Ati mawimbi yetu hufa
pale bahari inapokosa mawimbi?
Nikapanda mnara, nikabadili redio, nikakaza nati,
nikapaka grisi palipokuwa na grisi.
Saa nane na dakika kumi, mbele ya macho yangu,
maji yamelala kama shuka lililopigwa pasi,
mshale wa kipimo ukaanguka.

Kesho yake, saa tisa kamili.
Keshokutwa, saa tisa na dakika hamsini.

Ni nani huchelewa dakika hamsini kila siku
na hakuna anayemkata mshahara?
Nilikuwa katikati ya ngazi nilipojijibu: mwezi.
Nikaona haya hata kushuka.

Maana nilifundishwa haya, nikayafaulia mtihani.
Unatupa sauti ng'ambo ya mlango wa bahari,
kilomita kumi na nane,
ukidhani inasafiri peke yake.
Sehemu yake huinama, hugonga maji,
hugeuka kichwa chini, hudunda,
hufika nyuma ya mwenzake kwa kitambo
ambacho kope haijaanza kufumba.
Maji yakijaa, njia hiyo ya chini hufupika,
yakipwa hurefuka,
sentimita moja, mbili, tatu,
mpaka kilele cha hii kitumbukie
katika bonde la ile.
Tano toa tano.
Zote mbili zimefika.
Hakuna kilichofika.

Dhoruba ikija, kioo kinapasuka vipande elfu,
mwangwi unatawanyika usijue pa kwenda,
na ile sauti ya kwanza inavuka, nzima.
Ndiyo mvua yenu hiyo, mabwana wa ofisini.

Tulifunga sahani ya pili
mita nne na nusu chini ya ile ya zamani.
Si uganga. Ya juu ikizibwa masikio, ya chini inasikia;
ya chini ikizibwa, ya juu;
redio inachagua, kimya kimya, mara nyingi kwa sekunde.
Siku ya bamvua tulikaa watatu, mimi, yeye na birika,
maji yakapanda mita sita, yakashuka mita sita,
na dada yake aliyeko Punta Arenas
akazungumza mfululizo kuhusu bei ya kuni.

Ripoti yangu ilisifiwa.
Palipoulizwa chanzo cha takwimu
niliandika: vipimo vya eneo la kazi.
Maneno matano. Jina lake ni mawili tu.

Nasikia hadi leo, kabla ya kupiga simu,
huchungulia kwanza dirishani, nguzo ya gati,
aone maji yamefika alama ipi.
Daftari liliisha kurasa, akanunua jingine.
Sijui anaandika nini humo.