Sheli ya Barka

Alhamisi baada ya Alasiri, ndivyo karatasi inavyosema,
hadi Jumamosi kabla ya Magharibi.
Muhuri wa mahakama ya Sib, saini tatu,
na jina langu, Muhenna, limepungua n moja.
Hatukusahihisha. Tulikuwa tumechoka.

Neno lenyewe nililitamka kwa pumzi moja,
jikoni, friji iko wazi, maziwa mkononi.
Kuliandika kulichukua miezi saba.
Mara mbili tuliitwa kwenye suluhu.
Yule mama wa kamati, Bi Ghaniya, akatumiminia kahawa,
akasogeza sahani ya tende, akauliza:
"Hata chembe haikubaki?"
Wewe ukatazama tende.
Mimi nikatazama kokwa.
Eda ikahesabiwa, ikaisha,
sikurejea, wala hukuningoja.

Kisha zikaja hesabu: nafaka, kodi ya nyumba ya Al-Khoud,
ada ya shule, nguo za sikukuu zote mbili.
Hakimu hakuwa mkali. Alikuwa na mafaili mengi.
Watoto kwa mama. Baba atawaona.
Kuwaona!
Kama mwezi.

Karatasi haikutaja pampu ya pumu ya Azzan
ilale kwenye mkoba wa nani.
Haikutaja kwamba haoshwi kichwa mpaka ahadithiwe,
wala jino la Shinuna likingʼokea kwangu Sohar
litupwe juu ya paa gani.
Haikutaja lugha. Kwangu ni Kiswahili cha bibi yao,
kwenu ni Kiarabu cha Rustaq,
na Jumapili mwalimu akiuliza rangi ya jani
Azzan anajibu "kijani" kwa sauti kubwa
na darasa zima linaangua kicheko.

Barka si katikati. Niliipima.
Kwako nusu saa, kwangu saa moja na nusu.
Niligombania kilomita hizo kwa wakili, mwezi mzima,
na leo nikizikumbuka natafuta pa kuweka macho.

Maji yakimwagika hayazoleki, mama yangu alisema kwenye simu.
Lakini haya ya kwetu yana miguu, yana madaftari,
yanashuka kwenye gari lako yakiuliza choo kiko wapi.

Alhamisi ya kwanza hukuzima injini.
Nilihamisha kiti cha mtoto, mkanda ukanishinda,
jasho likanitiririka mpaka ndani ya viatu.
Ukashuka. Ukaufunga kwa mkono mmoja.
Ukasema, "Bonyeza kwanza, halafu vuta,"
na hayo ndiyo maneno yetu yote ya mwezi huo.

Alhamisi ya nne Shinuna alitoka na daftari la hesabu.
Ameandika, kwa kalamu ya zambarau, sheria zake.
Moja: Azzan anaogopa feni ya kwa baba, izimwe.
Mbili: mama asiulize kwa baba tulikula nini.
Baba asiulize kwa mama nani alikuja.
Tatu: sheli, mkae pamoja dakika kumi.
Chini akachora mistari miwili ya saini.

Nikatafuta kalamu. Ulikuwa nayo wewe.

Kwa hiyo tunakaa, kwenye viti vya plastiki,
baina ya mashine ya kujaza upepo na mlango wa duka,
chai ya karaki katika vikombe vya karatasi.
Tunazungumza chanjo. Tunazungumza miwani,
kwamba Shinuna haoni ubao na hataki kusema.
Wiki moja tulicheka, sikumbuki nini,
kisha tukanyamaza haraka kama tulioiba.
Wiki nyingine ulinyamaza dakika zote
na pete haikuwamo kidoleni, ila alama yake.
Yangu iko kwenye droo, pamoja na betri zilizokufa.

Leo mvua ilitishia, wadi ikasemwa imeshuka,
ukaondoka mapema, nami nikawasha gari.
Mbele ya Al-Musanaa, Azzan amelala mdomo wazi,
nasikia karatasi zikifunuliwa nyuma.

"Baba."
"Naam."
"Leo mmekaa nane.
Nimewaandikia deni la mbili."