Mtunza Giza

Kwenye barua ya ajira niliandikwa mhudumu wa maabara.
Yeye aliniita mtunza giza.
Kazi yangu kufunika: chupa kwa karatasi ya fedha,
tundu la ufunguo kwa pamba,
dirisha la upande wa ziwa kwa kaniki aliyoinunua mwenyewe Makoroboi,
akicheka kwamba giza amelipata
kwenye mtaa wenye jina la vibatari.

Dawa ililala humo kama mwali,
ikingoja mwali.

Daktari Nyanjige Lugata, binti wa fundi karabai wa Igombe.
Mara moja tu alinisimulia, umeme umekatika,
tumekalia ndoo mbili tukilinda friji isifunguliwe:
"Baba alikuwa akitengeneza mwanga wa kuua.
Dagaa wanaupenda, wanaufuata, wanajikuta wavuni.
Nikawaza, na uvimbe je?
Tuulishe kitu kinachopenda mwanga,
halafu tuwashe taa."

Akawaza hivyo miaka kumi na tisa.
Panya walikufa wote Jumanne moja, hata wale wa kulinganishia.
Makala ikarudi mara tatu; mhakiki wa mbali akaandika: sampuli ndogo.
Sampuli ilikuwa watu sita. Mmoja alishona sare za shule Nyakato.

Kisha Milembe, kutoka Ukerewe,
kofia pana, mikono mirefu ya gauni,
vidonda viwili, nyuma ya sikio na shavuni,
ngozi iliyozaliwa bila kivuli chake.
"Tangu nipate akili naambiwa kimbia mwanga,
leo wewe unanikalisha chini yake?"
Daktari akakunja mkono wa koti,
akaiwasha ile taa nyekundu juu ya ngozi yake mwenyewe,
dakika nane, kimya, Milembe akihesabu.
"Jua halichagui," akasema. "Hii naifundisha kuchagua."

Cha nyuma ya sikio kilipona. Cha shavuni hakikupona.
Naandika yote mawili, ndivyo alivyotufunza.

Na hili nalo niliandike.
Siku Bwana Magesa amechomwa sindano, amelazwa gizani,
aliniomba alione ziwa, kidogo tu.
Saa sita mchana. Nikamhurumia.
Nikaisogeza kaniki upana wa kiganja.
Jioni uso wake umeumuka kama andazi kwenye mafuta,
macho hayafunguki.
Nilingoja jina langu kwenye ripoti.
Nikasoma: "Uangalizi haukutosha. Kosa ni la mtafiti mkuu."
Hakunisemesha juu yake, hata siku moja.
Kesho yake alikuja na gundi,
tukaibandika kaniki kingo zote nne.
Picha ya Magesa akaitundika mbele ya meza yake.
Tuzo, ilipokuja, tuliitumia kuzuia mlango usijifunge.

Ijumaa iliyopita amestaafu.
Amekabidhi madaftari arobaini na moja, funguo,
na kikombe kisicho na mkono.
Kisha akapanda juu ya kiti, magoti yakilalamika,
akaishika kaniki kwa mikono miwili
akaing'oa, gundi na rangi ya ukuta pamoja.

Ziwa likaingia chumbani lote.
Tukasimama tumefinya macho
kama watoto walioamshwa na wageni.
"Mabele," akasema, "kumbe kuta zetu
ni za kijani."