Ng'ombe wa Kikopo

Döndü hajui Kijerumani,
lakini ng'ombe wa kwenye kikopo anamjua:
madoa meusi, kengele shingoni,
nyasi hadi magotini.
Leo amemwokota mara arobaini
kabla ya chai ya saa nne.

Nje kidogo ya Adana, nyuma ya michungwa,
marobota hushushwa usiku.
Yanayouzika huoshwa.
Yasiyouzika huwashwa.

Huko yalikotoka kuna mama
aliyekisuuza kikopo hiki kwa maji ya moto,
akabandua karatasi, akatenga kifuniko,
akakitia katika pipa la njano
akalala usingizi wa mwenye haki.
Simlaumu. Kafanya alivyofundishwa.

Juzi redio ya msimamizi ilisoma orodha:
nchi safi, nchi chafu,
nani kapanda ngazi, nani kateleza.
Nchi ya ng'ombe ilitajwa mapema.
Ya Döndü ilikuja baadaye sana,
baada ya tangazo la sabuni.

"Wanapimaje?"
Msimamizi akahesabu vidoleni: pato, shule, sheria, hewa.
"Na moshi huu,
kwenye daftari lao, umeandikwa jina la nani?"

Lori likapiga honi.
Hapa ujira ni kwa kilo, si kwa swali.

Jina lake, kwa kwao, maana yake "amerudi".
Jioni anarudi, kifua kikikwaruza,
anawamenyea wanawe chungwa:
ganda lina masizi, ndani tamu,
bado tamu.

Kitinda mimba amemkata ng'ombe mmoja kwa mkasi,
kamsimamisha dirishani, kamwita Mgeni.
Kila asubuhi, kabla ya shule,
humpangusa.