Kuziba Moshi

Kiswahili hiki nilikiokota jeshini
pamoja na goti bovu na blanketi la kijivu.
Sasa nachoma mkaa Nakasongola,
nyuma ya uwanja wa ndege, ng'ambo ya seng'enge,
palipobaki migunga michache na vichuguu.

Droni hutoka jua likizama.
Haingurumi. Inasaga,
kama mashine ya unga ya Namusoke
inapobaki na debe la mwisho.
Mwanzoni niliinua mkono kuisalimu,
mazoea tu: marubani wa zamani
walikuwa wakijibu kwa bawa.

Binti yangu Katusabe yuko Somalia,
mwezi wa tisa huu,
ndani ya kontena lenye baridi kuliko friji la bucha.
Alikwenda na sweta la mama yake.
Mchana jua linapasua mawe;
usiku yeye ndani, na sweta,
anatazama giza la watu wengine.
Hupiga simu Jumapili, baada ya ibada.

"Baba, kwetu joto ni rangi nyeupe.
Mtu ni punje ya mchele.
Mbuzi ni nusu punje.
Gari lililozimwa sasa hivi hubaki na moyo mweupe mbele,
kisha moyo unafifia.
Na tanuri la mkaa, baba,
tanuri ni mwezi ulioanguka kondeni."

Nikacheka. Nikamwambia,
mwezi huo ndio uliokulipia karo.

Jumapili iliyofuata hakukuwa na kicheko.
Waliona tanuri, saa tisa za usiku.
Punje tatu kando yake. Moja imeinama,
inachota, inafunika, inasogea hatua mbili,
inainama tena.
Mkubwa wake akauliza:
wanazika nini pale, karibu na barabara?
Chumba kizima kikangoja neno,
na neno lilikuwa la Katusabe, maana zamu ilikuwa yake.

"Nilisema wanaziba moshi, baba.
Nilisema tanuri likipasuka ubavu usiku
hewa huingia, na asubuhi unakuta majivu,
jasho la mwezi mzima limekwenda na upepo.
Nilisema baba yangu huinama hivyohivyo,
mkono mmoja kiunoni."

Nikauliza: wakakuamini?

Mtandao ukakatika,
au aliukata yeye.
Mnara wa kwetu ulikuwa umewasha taa yake nyekundu
kama kawaida.

Sijamwuliza tena. Naye siku hizi
huuliza mvua, huuliza goti,
huuliza kama ng'ombe wa Byenkya bado anaruka ua.
Mama yake anasema mtoto amekonda sauti.

Juzi usiku tanuri langu lilipasuka.
Nikatoka na beleshi, moshi unachomoka
kwenye ufa mpana kama kiganja.
Na juu, ile mashine: inasaga, inazunguka, inasaga.
Labda ni vijana wa mafunzo.
Labda wanajifunzia kwangu
namna ya kusoma mtu.

Kazi naijua, ningeifanya nimefumba macho:
inama, chota, funika,
hatua mbili,
inama.
Nikasimama wima.
Hata beleshi, nikawaza, kwa umbali ule ni nini?
Nikaliweka chini polepole, mbali na mguu.
Nikashika kiuno kwa mikono yote miwili,
nikainua uso,
punje ya mchele yenye goti bovu,
huku ubavuni mwa tanuri moto unajilia
gunia la kwanza, gunia la pili,
la tatu.

Ilipoondoka kulikuwa kunakucha.
Nilitarajia magunia kumi na moja, nimepata manne,
na la nne limejaa vumbi.

Mnunuzi kutoka Luweero akapiga teke majivu,
akaniuliza: mzee, ulilala?

Nikamwambia ndiyo,
nililala.