Penseli ya Ami Mhanna

Kitabu kimevunjika mgongo;
kurasa zimeshikwa kwa uzi wa kushonea magunia.
Aliyekitunga alipita hapa na gari jeupe na saa nzuri,
akaandika jangwa lote kwa nukta:
sifuri, kituo cha mafuta cha Adam.
Kumi na nne nukta mbili, pipa la buluu, pinda kushoto.
Thelathini na moja, lami inakatika.

Kando, kwa penseli, Kiswahili cha Tabora,
ambacho ami alikileta Omani kinywani
kwa kuwa mabegi yalipekuliwa.

Pipa: *Limeuzwa. Tazama mgunga wenye tairi shingoni.*
Lami: *Haikatiki, imelala. Punguza upepo wa magurudumu, nenda.*

Alikuwa dereva wa greda.
Miaka ishirini na sita aliichana barabara hii kama nywele za mtoto,
asubuhi anachana, usiku upepo unatimua.
Ikaja barabara mpya, njia mbili kwenda, mbili kurudi,
wakampa saa ya ukutani na cheti.

Ukurasa wa themanini na nane, Hillat Marakh:
*nyumba ishirini na mbili za udongo,
msikiti usio paa, falaji kavu. Hapakaliwi.*
Na penseli, iliyokandamizwa hadi ikatoboa wa themanini na tisa:
*Mwongo. Yupo Shinuna binti Suweid.
Piga honi mara mbili.
Usishuke mpaka atoe kikombe.*

Ijumaa, kabla jua halijakolea, mimi na Raya
tuliirudisha mita kwenye sifuri.
Mgunga upo. Tairi limezama ndani ya shina
kama pete kwenye kidole cha mtu aliyenenepa.
Mstari mweupe wa lami unachomoza, unafichika,
jina unalolikumbuka nusu.
Mbali, malori ya barabara mpya yananguruma; hayatujui.

Marakh.
Raya alihesabu akiwa bado amefunga mkanda:
kumi na tisa.
Milango imeng'olewa yote; pengine iko Maskati,
imelazwa hotelini, watalii wanailia chakula.
Mchanga umeingia kwa kila mtu bila hodi,
umekaa mpaka dirishani.

Nikapiga honi. Mara mbili.
Kuta zikairudisha mara moja tu, hafifu,
kama mtu aliyeamshwa akaona si zamu yake.

"Piga tena," Raya akasema.
Nikamwambia: kitabu kimesema mbili.

Basi tukakaa.
Injini ikipoa, *tik*, *tik*.
Wazima wawili, mmoja mhasibu, mmoja mwalimu wa fizikia,
tumefungiwa garini na amri ya marehemu,
tunaogopa kukosa adabu
mbele ya nyumba isiyo na mlango.
Nusu saa. Labda zaidi.
Shati limenigandia kitini.

Mwishowe Raya akafungua chupa ya kahawa,
akamimina, akateremsha kioo,
akautoa mkono nje, finjani juu ya kiganja:
"Haya. Kikombe kimetoka."

Tukashuka.

Sitasimulia tulichokiona; kimo kitabuni, na si kingi.
Nimeongeza tu, chini ya ishirini na mbili, *kumi na tisa*.
Lile *yupo* sikuligusa.

Kurudi, kurasa husomwa kinyumenyume,
kushoto ndiko kulia,
na mgunga, usipogeuza shingo mapema, unaupita:
upande huu tairi halionekani.